Fossa 2022/23: Mchezaji bora wa Ireland kacheza junior, je kuna aliyeonewa?

Junior kwenye mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Ireland, sio watoto. Naanza na hili maana kila nikimsimulia mtu kisa cha Fossa, klabu ndogo ya Ireland, na nyota wake David Clifford, anauliza hivyohivyo, huyo Clifford si mtu mzima wa miaka 23, anatafuta nini kwenye mashindano ya junior? Watoto wana mashindano yao yanaitwa minor, na huko David Clifford alishapita zamani, mwaka 2017 kwenye fainali ya minor ya Ireland nzima aliifungia kaunti yake ya Kerry magoli 4 na pointi 4 peke yake, kaunti ya Derry wakala kipigo ambacho bado kinazungumzwa. Junior ni daraja. Juu kabisa kuna senior, chini yake intermediate, halafu ndo junior, na kaunti nyingine zina ngazi hata chini ya hapo. Na kinachopangiwa daraja ni klabu, sio mchezaji. Shika hilo vizuri, maana ugomvi wote wa msimu ule umejengwa juu yake.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: watu 15 kila upande, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, goli lina nguzo mbili ndefu zinazoendelea juu ya mwamba. Ukipiga juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi 1, ukiingiza chini wavuni ni goli na goli linahesabika pointi 3. Matokeo yanaandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza halafu pointi, kwa hiyo ukiona 1-13 ujue ni goli moja na pointi 13, jumla 16. Siku hizi tangu 2025 kuna na pointi 2 ukipiga kutoka nje ya ule mstari wa nusu duara wa mita 40 kutoka golini, ila msimu tunaouchambua hapa hiyo sheria haikuwepo. Chama kinachoendesha ni GAA, kilianzishwa 1884 pale Thurles, na kinaendesha kaunti zote 32 za kisiwa, za jamhuri na zile za Ireland Kaskazini, bila kujali mpaka. Na wachezaji hawalipwi mshahara. Hakuna anayelipwa, hata yule nyota ambaye sura yake iko kila mahali, Jumatatu anaenda kazini kama wengine. David ni mwalimu.

Sasa kwa kuwa hakuna mshahara hakuna na soko la usajili. Mtu anachezea klabu ya parokia yake, pale alipozaliwa, alipobatizwa, baba yake alipocheza. Unaweza kuhama ukihamisha makazi kweli, kuna taratibu zake, lakini ukihama kwa kufuata vikombe tu watu watakukumbusha mpaka uzeeni, na mara nyingi hata ombi lenyewe halipiti. Klabu yako ya kwanza ndo klabu yako. Hapa ndo mchezo huu unapotofautiana na mpira tuliouzoea, ambapo kijana akionekana na kipaji tu kwenye mechi za mchangani, ndani ya mwaka yuko timu kubwa na mtaa wake unabaki kumuangalia kwenye TV. Kule mtaa haumpotezi. Timu ya kaunti inamuazima, ikimaliza inamrudisha.

Fossa ni parokia ndogo kaunti ya Kerry, magharibi kidogo ya mji wa Killarney, kandokando ya ziwa Lough Leane. Klabu ilianza 1970. Kwa miaka mingi ilikuwa klabu ya kawaida kabisa, sio ya kutisha mtu, na kaunti yenyewe ina majirani wazito kama Dr Crokes pale pale Killarney. Halafu nyumba moja ikatoa wawili, Paudie Clifford na mdogo wake David, na wote wawili wakafika timu ya senior ya Kerry. David ni mguu wa kushoto, mrefu, mwenye nguvu, anapiga kutoka pembe ambayo wengine hata hawaangalii goli.

Muangalie mwaka wake wa 2022 uone kwa nini kisa hiki ni kizito. Aprili Kerry wanachukua ligi ya taifa kwa kuwafunga Mayo. Mei wanachukua ubingwa wa mkoa wao wa Munster kwa kuwafunga Limerick. Tarehe 24 Julai wanawafunga Galway 0-20 kwa 0-16 kwenye fainali ya Ireland nzima, pointi 8 ni za David. Anachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Mtu mwingine yeyote kwenye michezo ya dunia hii baada ya hapo anapanda ndege anaenda kupumzika. Yeye anarudi Fossa kwenye mazoezi ya jioni. Mwaka huo GAA walikuwa wameugawa msimu, kaunti zinamaliza Julai halafu klabu ndo zinaanza kwa nguvu, kwa hiyo hakukuwa na pengo, ukivua jezi ya kaunti unavaa ya klabu.

Na kwake haikuwa jezi mbili, zilikuwa tatu, na hii ya tatu ndo inaeleza mfumo wa Kerry kwa hiyo vumilia kidogo. Ubingwa wa senior wa kaunti ya Kerry msimu ule ulikuwa na timu 16. Nane ni klabu. Nane nyingine ni timu za ukanda, yaani klabu ndogondogo za eneo moja, zile za intermediate na junior, zinaunganisha wachezaji wao wazuri na kutengeneza timu moja ya kushindana na wakubwa. Fossa iko ukanda wa East Kerry. Kwa hiyo David anacheza senior na East Kerry, wakati huohuo anacheza junior na Fossa, kihalali kabisa, na msimu huohuo wa 2022 East Kerry wakachukua ubingwa wa kaunti kwa kuwafunga Mid Kerry kwenye fainali. Timu ya ukanda hairuhusiwi kuendelea kwenye mashindano ya mkoa, hivyo Kerins O'Rahillys wa Tralee, ambao ndo walikuwa bingwa wa zile klabu 8, wakaenda kuiwakilisha Kerry kule juu.

Mimi napenda sana huu mfumo wa ukanda na nausema waziwazi. Kijana wa parokia ya watu wachache anapata jukwaa la senior bila kuitupa parokia yake. Ila una gharama, na gharama hiyo hawailipi Kerry, wanailipa watu wa kaunti nyingine kama utakavyoona.

Njia ya Fossa sasa. Ndani ya kaunti daraja lao linaitwa Junior Premier, na fainali wakawafunga Listry, majirani zao kabisa, watu wanaokutana nao dukani. Kutoka hapo unaingia mkoa wa Munster, na fainali ya mkoa wakakutana na Kilmurry wa Cork, wakawafunga. Januari mwanzoni wakavuka nusu fainali ya taifa. Ukihesabu kuanzia ligi ya taifa mwanzoni mwa 2022, David alikuwa anacheza mpira wa ushindani karibu mwaka mzima, na mechi za mwisho ndo hizo za majira ya baridi, uwanja umelowa, mpira mzito kama jiwe, beki aliyekupania maisha yake yote kwa sababu atamsimulia mjukuu wake kuwa siku moja alimkaba Clifford.

Hapo niseme kitu kuhusu hao mabeki wa junior maana huwa wanasahaulika. Fikiria wewe ni fundi bomba au mkulima wa ng'ombe wa maziwa, unafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku kwenye matope, umeshinda ubingwa wa kaunti yako kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kijiji kimelia, halafu droo inakupangia mchezaji bora wa nchi nzima. Wengine waliona ni heshima. Wengine waliona wameibiwa. Na mimi siwezi kumlaumu hata mmoja kati yao, kwa sababu ubingwa wa junior kwa wengi wao ni nafasi moja tu ya maisha, hairudi.

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 15 Januari 2023, Croke Park, Dublin, uwanja wa watu zaidi ya elfu 82. Kutoka Killarney mpaka pale ni kama kilomita 300, na parokia yote ilihamia barabarani. Wapinzani wao Stewartstown Harps kutoka Tyrone, kijiji cha upande wa ziwa Lough Neagh, mabingwa wa junior wa mkoa wa Ulster, na Tyrone ni kaunti ambayo haimwogopi Kerry hata siku moja, kuna historia ndefu pale ya mechi kubwa za senior, nusu fainali ya 2003, halafu fainali za 2005 na 2008. Siku hiyohiyo uwanja huohuo fainali ya intermediate nayo ilikuwa Kerry na Tyrone, Rathmore na Galbally. Rathmore nao ni watu wa ukanda uleule wa East Kerry! Na kipa wa timu ya kaunti ya Kerry, Shane Ryan, akienda kwao Rathmore hadaki, anacheza mbele kama mshambuliaji. Klabu ndogo hutumia mtu wake pale anapohitajika zaidi.

Stewartstown hawakuja kupiga picha. Walikaba kwa nguvu, walipata goli, wakabaki karibu karibu muda wote na Fossa hawakuwahi kuwa na raha. Lakini kila gemu ilipotaka kuegemea upande wa Stewartstown David alikuwa anapata pointi nyingine, nyingine kwa mpira wa adhabu, nyingine kwa kugeuka na kupiga huku watu wawili wamemning'inia, na ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa pointi za Fossa. Mwisho 0-19 kwa 1-13. Tofauti ya pointi 3, yaani goli moja tu.

Halafu kadi. Kadi nyekundu sita. Sita! Na kati ya waliotolewa ni David mwenyewe na Paudie mwenyewe, kwa hiyo ndugu wawili waliosubiri siku hiyo tangu utotoni hawakuwa uwanjani kipyenga cha mwisho kilipolia. Kesho yake magazeti hayakuandika habari ya parokia ndogo kufika kileleni, yaliandika habari ya vurugu. Iliniuma na bado inaniuma. Sitaki kuingia kwenye kesi ya nani alianza, kwenye mechi kama ile kila mmoja ana ushahidi wake, ila nasema hivi, ukimpangia beki wa junior kazi ya kumzuia mtu ambaye mabeki bora wa nchi wameshindwa kumzuia mwaka mzima, na uwanja ndo ule, na ni fainali, basi mikono itafanya kazi zaidi ya miguu, na anayekabwa naye ana damu mwilini. Haiwaondolei lawama. Inaeleza tu ilikotoka, na lawama yenyewe iko pande zote mbili.

Sasa tuingie kwenye swali. Wakati ule nilisikia malalamiko ya aina mbili na watu walikuwa wanayachanganya kama kitu kimoja, wakati moja halina miguu na lingine lina uzito mkubwa.

La kwanza: Clifford hapaswi kucheza junior, ni mkubwa mno. Hili mimi nalikataa kabisa. Ukimzuia acheze wapi? Fossa ndo klabu yake, haina timu nyingine. Unamuambia kijana kwa kuwa amekuwa mzuri sana basi parokia yake hairuhusiwi kumtumia? Hapo umeua kitu chenyewe kinachofanya GAA iwe GAA. Klabu ilimfundisha bure akiwa na miaka mitano sita, watu wazima walijitolea Jumamosi asubuhi kumfunga kamba za viatu, halafu akishakomaa unawaambia asanteni huyu sio wenu tena. Hapana.

Na kuna ushahidi ambao wanaolalamika hawautaji. David aliingia timu ya senior ya Kerry mwaka 2018. Kuanzia hapo mpaka 2022 Fossa alikuwa bado yuko junior, na ubingwa wa daraja hilo ndani ya kaunti ukawa unaenda kwa wengine, Beaufort, Na Gaeil, Gneeveguilla. Yaani klabu yenye mchezaji ambaye kila mtu anasema hakabiki ilikaa misimu na misimu bila kupanda. Kwa nini? Kwa sababu ni watu 15. Mpira lazima upatikane kule nyuma kwanza, ubebwe, ufike kwake, na ukifika wapinzani watakuwa wameshamuwekea watu watatu kwa hiyo wale wawili walioachwa huru lazima wajue kufunga. Fossa walipanda siku wale wengine 13 walipokomaa, na sifa hiyo hawakuipata kabisa. Watu walisema timu ya Clifford wawili kama vile wengine waliokota jezi njiani. Beki wa pembeni wa Fossa aliyekesha kwenye matope miaka yote ile anastahili zaidi ya hapo.

La pili: Kerry wamepanga madaraja yao kiasi kwamba klabu yao ya junior sio junior ya kweli. Hili sasa ukae ulisikilize, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Msimu ule Kerry senior ilikuwa na klabu 8 tu. Intermediate klabu 16. Kwa hiyo klabu ya kwanza ya Junior Premier ilikuwa namba 25 kwa ubora kwenye kaunti, na tunazungumzia kaunti yenye mataji mengi ya senior kuliko kaunti yoyote Ireland. Nenda Tyrone. Senior 16, intermediate 16. Junior ilianzia namba 33. Kwa hiyo Stewartstown walivyoingia Croke Park, hata ukiwatoa kina Clifford wote wawili kwenye picha, walikuwa wanacheza na timu ambayo kwa kupimwa na mizani ya Tyrone ingeweza kabisa kuwa intermediate. Nenda Cork, kwa Kilmurry waliofungwa kwenye fainali ya Munster, huko ni mbali zaidi, klabu zaidi ya 40 zilikaa kwenye ngazi za juu yao, na ili upate huo ubingwa wa junior wa Cork ilibidi kwanza uchukue ubingwa wa wilaya yako, kwao ni Muskerry, halafu ndo ukutane na mabingwa wa wilaya nyingine. Wote hao watatu wanaitwa junior. Jina moja, uzito tofauti.

Ukitaka kuona matokeo yake angalia orodha ya mabingwa wa junior wa taifa kwa klabu. 2015 Brosna wa Kerry. 2016 Templenoe wa Kerry. 2017 Glenbeigh-Glencar, Kerry. 2018 ikaponyoka kidogo ikaenda Knocknagree, na hao ni Cork lakini wako mpakani kabisa mwa Kerry. 2019 Beaufort, Kerry. 2020 Na Gaeil, Kerry. Baada ya korona, 2022, Kilmeena wa Mayo wakawafunga Gneeveguilla wa Kerry kwenye fainali, halafu 2023 Fossa. Fainali zote hizo ni mbili tu ambazo bingwa hakutoka Kerry, na moja kati ya hizo mbili aliyefungwa ndo Mkerry. Clifford yuko kwenye mwaka mmoja tu wa orodha hiyo yote. Kwa hiyo ukimtoa yeye tatizo linabaki palepale limekaa.

Ndo maana nasema hasira ya msimu ule ilielekezwa kwa mtu badala ya mstari unaogawa madaraja. Mtu anaonekana, ana jina, ana jezi namba 14. Mstari uliochorwa kwenye kikao cha kaunti hauonekani na hakuna anayeuzomea.

Mtetezi wa Kerry atakujibu, na jibu lake sio la kupuuza. Atasema sisi tunaamini senior iwe ya wachache ili iwe ngumu, na wale wadogo tumewapa timu za ukanda wapandie huko, ni mfumo wetu tangu enzi na enzi na umetuzalishia wachezaji. Kweli. Na atasema klabu yetu ya junior ikishinda inapanda, hairudi mwaka unaofuata kuwaonea wengine, Brosna hawakurudi kuwa bingwa, wala Templenoe, wala Fossa hatorudi. Kweli pia. Lakini Brosna akipanda anashuka mwingine au anakomaa mwingine aliyekuwa namba 25, na yule namba 25 wa Kerry ndo shida, awe nani. Kwa mchezaji wa Mayo au Sligo au Tyrone haimsaidii kujua kuwa mwaka ujao atafungwa na parokia tofauti.

Kuna mfano mwingine wa mwaka uleule 2022 ambao nashangaa watu hawauweki pembeni ya huu. GAA wana junior nyingine, ile ya timu za kaunti. Kule nako Kerry walikuwa wamechukua mara tano mfululizo, 2015 mpaka 2019, ingawa kule wachezaji wa senior ya kaunti hawaruhusiwi, yaani Clifford hata hayupo! Shindano likawa halina ladha. Walichofanya 2022 ni kuyaondoa yale makaunti yote makubwa wakawabakisha Kilkenny pamoja na timu za Waireland wa ng'ambo, za Uingereza na New York. Kilkenny ni wafalme wa hurling, ule mchezo mwingine wa GAA wa kupiga mpira kwa fimbo, mataji 36 ya senior ya hurling wanayo, lakini mpira wa Kigaeli kwao ni kama mtoto wa kambo, hata ubingwa wa senior hawaingizi timu. Na wakachukua. Wakawafunga New York fainali Croke Park, na nakuambia wale watu walivyofurahi huwezi kuamini ni kaunti iliyoshiba vikombe. Hawakumfungia mtu yeyote kipaji chake pale. Walichora mstari upya, timu zinazolingana zikakutana, na kikombe kikapata maana.

Kwa klabu siwezi kupendekeza kitu kikali kama kile, kuiondoa Kerry kwenye junior ya klabu itakuwa dhuluma kwa parokia ambazo hazijawahi kuiona Croke Park. Ningependa kitu kidogo tu, ukitaka kuingiza bingwa wako kwenye mashindano ya taifa basi madaraja ya kaunti yako yafanane na ya wenzio, juu yake kuwe na idadi ya klabu inayokaribiana. Ndani ya kaunti wagawe wanavyotaka, na timu zao za ukanda wabaki nazo, nitakuwa wa kwanza kusikitika zikifutwa. Na ndio, najua kaunti ndogo kama Leitrim au Longford haziwezi kufikisha klabu 32 juu ya junior yao, hapo itabidi kwenda kwa uwiano na itakuwa kazi kuukokotoa. Ila ni kazi ya vikao, na GAA vikao wanaviweza.

Baada ya fainali Fossa wakapanda intermediate. Ligi ya taifa ilikuwa inaanza mwisho wa mwezi uleule wa Januari, wiki mbili tu mbele, na mwaka 2023 David akafika tena fainali ya Ireland na Kerry, safari hii wakafungwa na Dublin 1-15 kwa 1-13, na bado akachaguliwa mchezaji bora kwa mara ya pili mfululizo. Mimi nikawa nangoja kitu kimoja, junior ya mwaka uliofuata, nione Kerry bila Clifford wataleta nini. Wakaleta Listowel Emmets, mji wa kaskazini mwa kaunti, na Januari 2024 nao wakatinga Croke Park, fainali ya taifa ya junior, kama kawaida ya namba 25 wa Kerry. Safari hii waliokuwa upande wa pili walikuwa Arva wa Cavan, na Arva wakawafunga.